Panapouma sipo palipoharibika: dalili na vyanzo unapojiandaa kukata Uganda kwa baiskeli

Wengi wanaotaka kuendesha baiskeli kutoka mpaka wa Malaba mpaka Kisoro kule chini ya mlima Muhavura, kilomita kama 700 hivi ukipitia Jinja, Kampala, Masaka, Mbarara na Kabale, wanaanza na swali moja tu, ninunue nini. Mtu goti linamuuma anatafuta dawa ya kuchua, mikono inakufa ganzi anatafuta glavu nene, tyubu inatoboka kila siku anatafuta tyubu ya bei ghali. Alafu ukikaa naye mkaikagua baiskeli pole pole unakuta kosa liko mahali pengine kabisa, goti linalia kwa sababu ya siti, mikono inalia kwa sababu ya siti hiyo hiyo, na tyubu inalia kwa sababu ya pampu.

Kwa hiyo hapa naandika dalili alafu chanzo chake, nikianza na zile zinazokatisha watu safari. Vipimo hivi vianze wiki nane mpaka kumi kabla, sio usiku wa kuamkia kuondoka. Na tafadhali sana, badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukipandisha siti, ukageuza usukani na ukanunua viatu vipya siku moja, hata maumivu yakiisha hutajua ni nini kimekuponya, na yakizidi hutajua urudi wapi. Weka alama ya tepu pale siti ilipokuwa kabla hujaigusa.

Goti linauma

Linauma wapi? Hilo ndilo swali, manake "goti linauma" peke yake haisemi kitu.

Kama ni mbele, pale kwenye kifuniko cha goti ama chini yake kidogo, na jioni ukishuka ngazi unasikia zaidi, mara nyingi siti iko chini mno, ama imesukumwa mbele mno, ama unasukuma giya nzito. Kama ni nyuma ya goti, siti iko juu mno na mguu unajinyoosha kupita kiasi kila mzunguko. Kama ni upande wa nje, angalia mguu unavyokaa kwenye pedali, vidole vikigeukia ndani sana goti linajipinda, hasa ukiwa na vile viatu vinavyojifunga kwenye pedali, na pia siti ya juu inayofanya nyonga ziyumbe inaleta hiyo.

Kupima hakuhitaji fundi. Egemea ukuta, kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukirudisha mguu vile unavyoendesha kawaida, yaani sehemu pana ya mbele ya unyayo ndiyo iko juu ya pedali, goti libaki limekunjika kidogo. Kama sivyo panda ama shuka milimita 3 mpaka 5 tu, endesha siku mbili tatu, ndio uamue tena.

Hapa kwetu siti ya chini ni ugonjwa wa wengi na sababu inaeleweka, baiskeli inapita mikono ya watu wa nyumba nzima na kila mtu anataka akisimama miguu yote miwili iguse chini. Kwa kupeleka matoke sokoni kilomita tano haina neno. Lakini piga hesabu ya siku moja ya safari, mizunguko 70 kwa dakika kwa saa tano ni mizunguko 21,000, na kesho yake tena, na keshokutwa tena. Kosa dogo la sentimita mbili likirudiwa mara 21,000 kwa siku goti haliwezi kunyamaza.

Alafu giya. Ile baiskeli nyeusi ya giya moja inafika Kisoro, watu wanabeba nayo mizigo mizito kuliko wako kila siku, ila kama ndiyo utaendesha mwambie fundi akuwekee nyuma friwili yenye meno 22 badala ya ile iliyokuja nayo. Tambarare za Bugiri utaenda polepole, sawa, lakini kuanzia Ntungamo kwenda Kabale utashukuru. Mwenye giya nyingi ahakikishe kwenye giya nyepesi kabisa meno ya mbele ni machache kuliko ya nyuma. Ukijikuta unapanda kilima pedali inazunguka chini ya mara 60 kwa dakika na unavuta usukani kwa mikono, hiyo giya ni nzito, haijalishi miguu yako ina nguvu kiasi gani.

Na kama siti iko sawa, giya iko sawa, na goti limeanza kuuma wiki ile ile ulioruka kutoka kilomita 60 mpaka 150, basi chanzo ni hesabu yako. Ongeza kama asilimia 10 kwa wiki, na kila wiki ya nne punguza. Goti likivimba, likikwama ama likikataa kubeba uzito, hiyo sio kazi ya spana tena, nenda hospitali.

Mikono ganzi, makalio mabichi, mgongo

Nimeziweka pamoja kwa sababu zinatoka nyumba moja. Ganzi ya kidole kidogo na cha pete ni mshipa wa fahamu unaokandamizwa pale chini ya kiganja. Swali ni kwa nini umelalia mikono yako. Chukua kitu kilichonyooka, hata ubao, ukiweke juu ya siti na uangalie. Pua ya siti ikiinama mbele mwili unateleza kwenda mbele siku nzima na mikono ndiyo inakuzuia. Isawazishe. Kama tayari iko sawa basi usukani uko mbali ama chini mno, uinue, uusogeze karibu. Glavu ni za mwisho, zinasaidia ila hazitibu. Badilisha mkao wa mikono kila dakika kumi, na ganzi ikibaki mpaka asubuhi ama ukashindwa kufunga vifungo vya shati, pumzika siku kadhaa kabla ya kuendelea.

Sasa kuna watu wanainamisha pua ya siti makusudi kwa sababu ganzi yao iko sehemu za siri, na kweli hiyo ganzi isipuuzwe hata kidogo, wanaume kwa wanawake. Inamisha kidogo sana, nyuzi moja mbili tu, alafu tafuta siti ambayo upana wake unabeba ile mifupa miwili ya makalio. Siti laini kama mto inadanganya dukani, baada ya saa mbili unazama ndani na ile nyama ya katikati ndiyo inabeba uzito wote.

Vidonda vya makalio chanzo chake ni unyevu, msuguano na uchafu. Kaptula yenye pedi inavaliwa bila chupi, hilo wengi hawaambiwi, mshono wa chupi ndio unaokata ngozi. Ioshe kila jioni, ianike, uwe na mbili. Paka mafuta mazito ya mgando kabla ya kutoka. Ukifika nyumba ya kulala oga kwanza, usikae na hiyo nguo unakula stori.

Mgongo wa chini ukiuma mara nyingi ni usukani kuwa mbali au misuli ya tumbo kuwa dhaifu, na hapo hakuna cha kununua. Dakika kumi za mazoezi ya tumbo na mgongo kila siku kwa wiki nane zinatosha kuonekana. Nyayo zikiwaka moto legeza kamba za viatu, mguu unavimba kwa joto, nunua viatu jioni usinunue asubuhi.

Nguvu zinaisha ghafla

Hii ndiyo naiogopa zaidi, kwa sababu vitu vinne tofauti vinafanana na mtu akitibu kisicho chenyewe anaweza kuumia vibaya.

Cha kwanza ni njaa ya misuli. Ulikuwa vizuri, saa ya pili ama ya tatu miguu inakuwa mitupu, unatetemeka, jasho la baridi, hasira za bure, hata kilima kidogo unakiona ukuta. Akiba ya sukari mwilini imekwisha, na chanzo chake ni asubuhi, ulitoka na chai ya rangi peke yake. Kunywa soda, kula ndizi mbili, kaa kivulini, ndani ya dakika 15 mpaka 20 unarudi mtu, na huko kurudi haraka ndio ushahidi kwamba ilikuwa njaa. Kinga yake ni kula kabla hujasikia njaa, gramu 30 mpaka 60 za wanga kila saa. Ndizi mbili za kawaida zinakupa karibu gramu 50. Uganda hapa hatuna sababu ya kununua vile vipakiti vya sukari vya ng'ambo, kila senta ya maduka kuna chapati, gonja (ndizi ya kupika) ya kuchoma, muhogo, bogoya (ndizi mbivu kubwa), asubuhi kula katogo, yaani matoke yaliyopikwa pamoja na nyama ama maharage, mpaka ushibe. Namawojjolo kwenye barabara ya Jinja na Lukaya kwenye barabara ya Masaka wauzaji watakukimbilia wenyewe na mishikaki, ila nyama peke yake saa sita mchana haikupi mwendo, iambatanishe na gonja.

Cha pili ni kiu. Kichwa kinagonga, mdomo mkavu, mkojo mchache na wa rangi ya chai. Hapo maji, kidogo kidogo lakini bila kuacha, na kivuli.

Cha tatu kinafanana na kiu lakini tiba ni kinyume, ndio maana nakiandika kwa herufi za moyo. Mtu amekunywa maji matupu lita na lita kwa sababu aliambiwa anywe, sasa anasikia kichefuchefu, tumbo limejaa maji, vidole vimevimba mpaka pete inabana, mkojo mweupe, na anaanza kuchanganyikiwa. Chumvi ya damu imeshuka. Ukimwongezea maji unamzamisha. Asimamishe baiskeli, asinywe maji matupu tena, apewe kitu cha chumvi kama ana akili zake na anameza vizuri, na kama amechanganyikiwa ama anatapika apelekwe hospitali mara moja. Kinga ni kunywa kwa kiu na kula vitu vyenye chumvi njiani, sio kushindana na chupa.

Cha nne ni malaria. Homa, baridi ya ghafla, viungo vinauma mahali ambapo baiskeli haigusi, kichwa, na kupumzika hakusaidii. Malaria iko karibu nchi nzima na mwaka mzima, na mwenye uchovu wa baiskeli anajidanganya kirahisi kwamba ni misuli. Pima. Kituo cha afya kipo kila mji mdogo unaopita na kipimo cha haraka kinachukua kama robo saa. Ukikutwa nayo maliza dozi yote na safari isubiri. Chandarua chepesi kiwe kwenye mzigo, sio kila nyumba ya kulala wageni chandarua chao hakina matundu, na anayetoka nje ama ameishi muda mrefu mahali pasipo na malaria aongee na daktari kuhusu dawa ya kinga kabla hajafika.

Ukiona joto limempanda mwenzako, ngozi inawaka, anaongea maneno yasiyoeleweka, hiyo sio uchovu tena, mwagie maji, mpepee, mwite boda ama gari aende hospitali mara hiyo hiyo.

Kuna uchovu mwingine unaokuja wakati wa mazoezi nyumbani, wiki ya tano sita, hulali vizuri, mapigo ya moyo asubuhi kabla hujatoka kitandani yako juu kuliko kawaida yako, baiskeli unaichukia. Hapo huna haja ya kujituma zaidi, unahitaji siku nne tano za kulala.

Tumbo la kuharisha naliweka hapa pia. Maji ya kuchemsha ama ya chupa iliyofungwa, chakula chenye moto kinachotoka jikoni sasa hivi. Beba pakiti za ORS, zikiisha tengeneza, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Damu kwenye choo ama homa ni kituo cha afya.

Pancha kila siku

Tundu linaongea, ukijua kulisoma. Kabla hujatoa tyubu weka alama kwenye tairi pale valvu ilipo, ili ukipata tundu ujue linalingana na sehemu gani ya tairi ama rimu. Alafu angalia.

Matundu mawili sambamba, kama ameuma nyoka, ni upepo mdogo. Uligonga jiwe ama ukingo wa shimo na tyubu ikabanwa kati ya tairi na rimu. Kununua tyubu nzito hakukusaidii, jaza upepo. Kwa tairi ya upana wa inchi 2 na mzigo, nyuma presha kama psi 45 mpaka 50, mbele 40, ukiingia maramu, yaani barabara ya udongo na changarawe, punguza 5 hivi, na usizidi ile namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Na pima asubuhi, kidole kinadanganya.

Tundu moja upande wa nje ni mwiba, kioo ama waya. Barabara ya Malaba mpaka Kampala ndiyo njia ya malori ya mizigo kutoka Mombasa, matairi yao yakipasuka yanaacha nyaya nyembamba za chuma pembeni mwa lami, pale pale baiskeli inapopita. Waya huo unaingia unabaki ndani ya tairi na huuoni. Ukibandika kiraka bila kuutoa, dakika kumi umeshapanchika tena na utaanza kumlaumu fundi. Pitisha kitambaa ndani ya tairi pole pole, kitanasa pale penye waya, utoe kwa plaisi ndogo. Watakaozunguka Karamoja, kaskazini mashariki, huko ni miba ya migunga, ndefu na migumu, waweke kipande cha tairi kuukuu kati ya tyubu na tairi.

Tundu upande wa ndani unaoangalia rimu, ni utepe wa rimu umesogea na kichwa cha spoku kinachoma. Tundu kwenye shina la valvu, ni tairi inateleza kwenye rimu kwa sababu ya upepo mdogo, ama unapampu kwa kuyumbisha.

Kiraka kinabanduka? Hukusugua na msasa, ama hukusubiri solusheni ikauke. Iache mpaka isinate kwenye kidole, ndio ubandike.

Sasa kuna mtego mmoja lazima niueleze vizuri kwa sababu unakamata watu wenye baiskeli nzuri. Dukani Iganga ama Lyantonde utaambiwa tairi ya 28 ipo. Ipo kweli, lakini ni ya ile baiskeli nyeusi, ambayo rimu yake ina kipenyo cha milimita 635. Baiskeli za kisasa nyingi za barabarani ni 622, na zenyewe pia saa zingine zinaandikwa 28. Haziingiliani hata ufanye nini. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi, ile ya tarakimu tatu itakuwa 559, 622 ama 635. Mwenye 559, yaani ile ya 26, na mwenye 635 atapata tairi karibu kila mji. Mwenye 622 anunue Kampala abebe tairi moja ya kukunja, asitegemee bahati. Vivyo hivyo valvu nyembamba za baiskeli za mbio, pampu ya fundi wa kijijini na ile ya petroli steshoni hazishiki, beba kile kichwa kidogo cha kubadilishia, ni kitu cha bei ndogo.

Spoku zinakatika

Karibu zote zinakatika gurudumu la nyuma upande wa giya. Mtu anabadilisha moja, inakatika ya jirani, anabadilisha, inakatika ingine, anasema spoku siku hizi feki. Chanzo ni mbili, mzigo wote uko nyuma, na spoku hazijakazwa sawa kwa hiyo chache zinabeba kazi ya zote mpaka chuma kinachoka.

Zigonge kwa kucha ukiwa umeinua gurudumu, za upande mmoja zitoe sauti zinazokaribiana. Ukisikia moja imelegea hapo ndipo penye kosa, hata kama iliyokatika ni ingine. Mwambie fundi kwa upole, mzee, naomba uzikaze zote kidogo kidogo mpaka zilingane, usinyooshe tu pale panapoyumba, nitasubiri. Na umsubiri kweli, umlipe vizuri, hiyo kazi inachukua muda. Gurudumu la nyuma lenye spoku 36 ndio la safari hii. Beba spoku za akiba za urefu sahihi, za mbele, za nyuma kulia na za nyuma kushoto mara nyingi hazilingani, zifunge na tepu kwenye fremu, na kama una kaseti, yaani lile fungu la giya za nyuma, beba kile kifaa cha kuifungulia, bila hicho spoku ya upande wa giya haiingii.

Alafu hamisha mzigo. Vizito viende chini na mbele, kwenye mifuko ya kando ya gurudumu la mbele kama unayo, vyepesi nyuma. Hiyo hiyo inaponya ugonjwa mwingine, usukani kutetemeka ukishuka kwa kasi, ambao chanzo chake huwa mzigo wa juu na wa nyuma, keria iliyolegea, ama beringi za shingo ya usukani zimelegea. Kukagua shingo, kamata breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, ukisikia inacheza kaza.

Cheni inaruka, giya hazikai

Pima cheni na rula. Anza katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele, inatakiwa iwe milimita 305 kasoro kidogo. Ikizidi kwa milimita moja na nusu badilisha cheni. Ikizidi kwa milimita tatu umechelewa, meno ya nyuma nayo yameliwa, ukiweka cheni mpya peke yake itaruka, badilisha vyote na ufanye hivyo mwezi mmoja kabla ili vizoeane.

Na naomba sana, oili chafu iliyotolewa kwenye injini isiguse cheni yako. Mafundi wengi wanaimwaga kwa nia njema, lakini ina vumbi la chuma ndani na inashika vumbi la maramu, mchanganyiko huo unakula cheni kama msasa. Futa na kitambaa, tone moja la oili nyepesi kwa kila kiungo, zungusha, alafu futa tena ya juu yote.

Giya zilikuwa sawa Kampala, ukashusha baiskeli kwenye basi Malaba zikakataa? Usianze kuchezea nyaya. Angalia kwa nyuma kama kile kipande kinachoshika mkono wa giya kimepinda, mizigo ya watu imekaa juu yake njia nzima. Kingetakiwa kufunikwa ama mkono wa giya ufunguliwe na kufungwa ndani ya fremu kabla ya kupakia.

Breki

Kati ya Kabale na Kisoro ni kilomita kama 80 za kupanda na kushuka, na kona zake hazisamehi. Breki ikipungua nguvu katikati ya mteremko mrefu, imechemka kwa sababu umeishikilia mfululizo. Kwa breki za rimu joto hilo linaweza hata kupasua tyubu. Kamata kwa nguvu kabla ya kona, achia, kamata tena, mbele na nyuma kwa kupokezana. Ukisikia harufu ya kuungua simama, upoe. Lever ikifika mpaka kwenye usukani, pedi zimeisha ama waya umelegea. Mvua na matope ya maramu yanakula pedi haraka sana, beba jozi mbili. Na wenye baiskeli nyeusi ya breki za fito na rimu za chuma, mkinyeshewa hizo breki karibu hazipo, shukeni mtembee, hakuna aibu.

Kelele ndogo ndogo za kuchekecheke nyingi ni bolti za keria, kagua kila jioni kwa mkono, funga nati mbili mbili, na mpira wa tyubu kuukuu wa kufungia mizigo usikose.

Ratiba inakataa

Ukichelewa kila siku, chanzo huwa kwamba uligawa kilomita 700 kwa siku saba ukasema mia mia. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, Kabale karibu 2,000, na katikati hapo unapanda na kushuka mara nyingi kuliko hesabu hiyo inavyoonyesha. Gawa kwa vilima. Malaba mpaka Jinja siku za 80 mpaka 90 sawa, Masaka, Lyantonde, Mbarara siku za 70 ni nzuri kwa mwenye mzigo, Mbarara, Ntungamo, Kabale hivyo hivyo, na Kabale kwenda Kisoro ipe siku nzima peke yake. Weka siku moja tupu Kampala na moja Mbarara. Na kabla ya yote hayo fanya wikendi mbili za mfululizo na mzigo wote, Jumamosi Kampala mpaka Jinja, Jumapili kurudi, manake mwili hauchoki siku ya kwanza, unachoka ya pili.

Mwanga tunao saa 12 tu mwaka mzima, jua linatoka saa 12 na nusu asubuhi na kitu hivi, linazama karibu saa 1 jioni, na giza linaingia haraka. Toka na mwanga wa kwanza, uwe umefika saa 9. Baada ya hapo ndio mvua inapenda kushuka, na usiku kwenye barabara ya malori usiendeshe kabisa. Msitu wa Mabira, kati ya Jinja na Kampala, usiupite jioni, barabara imebanwa na miti, magari yana haraka. Kama magari yanakusukuma hata mchana, angalia unaendesha wapi, ukijibana kwenye ukingo uliovunjika wa lami dereva anaona kuna nafasi ya kupita. Kaa nusu mita ndani, vaa rangi kali, weka kioo cha pembeni, na ukisikia honi ndefu ya basi nyuma yako huku lori linakuja mbele, toka nje ya lami, usishindane.

Msimu nao. Kusini mvua ni Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba, kwa hiyo Januari, Februari, Juni na Julai ndio miezi ya kukata. Wanaopanda kaskazini kwenda Gulu kule mvua ni moja ndefu, kuanzia Aprili mpaka Oktoba hivi. Maramu ikilowa inajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma, usilazimishe, kaa kwenye kibanda unywe chai saa mbili tatu, jua likitoka inakauka.

Na njia yenyewe iulize wiki ile ile ya kuondoka. Mwaka 2023 mafuriko yaliharibu daraja la Katonga kwenye barabara ya Masaka na magari yakazungushwa mbali, 2024 daraja la Karuma kwenye barabara ya Gulu likafungwa miezi kadhaa kwa ukarabati. Gari likizungushwa kilomita 60 linapoteza saa moja, wewe unapoteza siku nzima pamoja na mahali pa kulala ulipopanga. Madereva wa taksi kwenye steji ndio wanajua mapema kuliko ramani ya simu, waulize kila jioni barabara ya kesho ikoje, na waulize wawili.